Kitabu Tulichokipaka kwa Miswaki

Mwalimu aliyetufundisha kusoma alikuwa mtu wa Kipini, kule pwani, na siku yake ya kwanza kijijini kwetu Kulesa alimwita msichana wa mstari wa mbele kwa kumwambia, "Ndoo hapa." Yule msichana akatoka mbio nje, akarudi na ndoo ya maji ya kunywa, akaitua miguuni pake. Kwao, mtu akitaka kukuambia "njoo" husema "ndoo", nasi watoto wa mtoni tuliojifunza Kiswahili cha kuokoteza, nusu kwa wachuuzi, nusu kanisani, tungejuaje? Mwalimu akaitazama ndoo, akatutazama sisi, akakunja mikono ya shati na kunawa uso.

"Ahsante," akasema. "Nilikuwa na vumbi la safari."

Kisha akaanza somo.

Alikuwa kijana mwembamba, hajaoa, na mama zetu walishindana kumpelekea chakula kwa kudhani kwamba wembamba wake ni wa njaa. Wazee walimwona mpole mno kwa kazi ile, maana kabla yake tulikuwa na mwalimu aliyeingia darasani na fimbo mbili, moja ya kutumia na moja ya akiba. Huyu hakuwa na hata moja. Alikuwa na sauti ya chini na tabia ya kuuliza swali kisha kunyamaza mpaka ajibiwe, hata kama jibu lingekawia.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, wakati shule yetu ilikuwa chumba kimoja cha udongo na paa la nyasi, karibu na mto kiasi kwamba tuliwasikia viboko wakikoroma wakati wa hesabu. Vitabu vilikuwa vichache. Siku moja likaletwa kasha la vitabu vikuukuu kutoka misheni, vingi vikiwa vimeliwa na mchwa. Chini kabisa mwalimu akatoa kimoja chenye picha kila ukurasa, na hapo tukaacha madawati tukamzunguka.

Kilikuwa kitabu cha mtoto wa Kizungu aliyevaa kofia ya sufu. Kila ukurasa kofia ilikuwa na rangi nyingine. Mtoto akikasirika, kofia ilikuwa nyekundu. Akifurahi, manjano. Akiona wivu, kijani. Akihuzunika, kofia, mvua, dirisha na hata paka wake vyote vilikuwa buluu. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, mwalimu akitufasiria huku akifunua polepole, nasi tukitaka kwanza kujua kwa nini mtoto avae sufu kichwani na kama hana mama wa kumvua.

Alipofika kwenye ule ukurasa wa buluu akasema, "Hapa mtoto ana huzuni."

"Mwalimu, hapo kitabu kimekosea," nikasema.

Sikuwa mtoto wa kusema sana darasani. Lakini buluu nilikuwa naijua vizuri. Mama alikuwa akinunua madukani Garsen kijidonge cha buluu ya kufulia, kimefungwa kwenye kitambaa, na hakukitumia ila usiku wa kuamkia Krismasi na Pasaka. Alikitikisa kwenye beseni, maji yakawa kama mbingu, akachovya gauni langu jeupe na shati la baba mpaka weupe wake ukaumiza macho. Mimi nilipoona maji ya buluu nilijua kesho kuna wali wa nazi, kuna kuku, kuna kuimba. Huzuni ingeingiaje humo?

Mwalimu hakunikemea. Akauliza, "Nani mwengine anaona kitabu kimekosea?"

Mikono ikainuka. Tulikuwa na mwenzetu wa Kiorma, ambaye baba yake alimwacha kwa rafiki yake wa Kipokomo pale kijijini ili asome, huku familia ikihama na mifugo. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, akikitoa neno moja moja kama mtu anayetoa miba mguuni. Akasema, "Nyekundu si hasira. Ng'ombe nyekundu ya baba ndiyo mpole. Mtoto mdogo anakamua." Kisha akaongeza kwamba furaha yenyewe ni nyeusi. Tukamcheka. Mwalimu akamngoja, na mwenzetu akanyoosha kidole dirishani, juu. "Wingu," akasema. "Likiwa nyeusi, baba anaimba."

Msichana aliyeleta ndoo, ambaye kwao walikuwa Waislamu, akasema nyeupe ni kanzu ya Idi, na pia nyeupe ni sanda waliyomvisha babu yake, kwa hivyo yeye akiona nguo nyeupe imeanikwa hujua tu kwamba watu watakuja nyumbani, lakini hajui kama watacheka au watalia. Mwingine akasema wivu una manjano, kwa sababu ndizi za jirani huiva kabla ya zako. Tulibishana mpaka jua likahama.

Mwishowe mwalimu akakifunga kile kitabu taratibu. "Hakijakosea," akasema. "Mtoto huyu ni wa kwao, na kofia ni yake. Wewe una beseni lako, na huyu ana wingu lake."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi baada ya kuitwa majina, alichagua mmoja wetu na kumwuliza, "Moyo wako yeo una rangi gani?" Kwao leo ni "yeo", nasi tulilipenda lile neno, tukawa tunaulizana hivyo kisimani na njiani. Mwanzoni majibu yalikuwa ya mchezo. Mtu alisema moyo wake una rangi ya muhogo, ili tucheke. Lakini taratibu yakaanza kutoka mengine. Mtoto mmoja mkorofi, aliyekuwa akipiga wenzake bila sababu, asubuhi moja alisema moyo wake una rangi ya jivu la jana. Mwalimu akamwuliza ni kwa nini la jana. Akasema, "Kwa sababu la leo lina moto ndani." Mwalimu alimwacha akae karibu naye siku nzima, akichonga chaki, na siku hiyo hakupiga mtu.

Halafu mto ukafurika. Mafuriko kwetu hayakuwa ajabu. Tuliyangoja, maana ndiyo yaliyoleta tope la kupandia mpunga. Mwaka huo maji yalikuja haraka kuliko yalivyotarajiwa, yakaingia darasani asubuhi watu wakiwa mashambani wakiokoa mahindi. Tuliporudi na mitumbwi tulikuta madawati yanaelea na kambare anazunguka chini ya ubao. Kitabu cha kofia kilipatikana kimenata kwenye ukuta. Rangi zote zilikuwa zimeingiana, na ukikigusa kilikatika kama mkate uliolowa.

Darasa lilihamia chini ya banda la kuhifadhia mpunga, kwenye kilima. Watoto wakaanza kusema kwamba sasa mchezo wa rangi umekwisha. Mwalimu akasema haujaisha, tutatengeneza kitabu chetu, na jioni ile ile akaja nyumbani kumwona mama.

Mama alikuwa msusi wa mikeka anayejulikana mpaka Ngao. Alikuwa na vikopo vya rangi za unga, nyekundu, kijani, zambarau na manjano, ambazo alizichemsha na majani ya milala kabla ya kusuka. Vikopo hivyo vilikaa juu ya dari, na mimi nilikatazwa hata kuvitazama.

"Mama," mwalimu akasema baada ya maamkizi marefu, "nimekuja kuomba rangi."

"Unasuka mkeka?"

"Hapana. Watoto watachora."

"Watachora nini?"

"Mambo ya moyoni mwao."

Mama akaendelea kusuka. "Mwalimu," akasema, "mtoto wangu ana moyo gani hata umalize rangi yangu ya zambarau? Amekula, amelala, ana nguo. Hiyo si kazi ya mvua ya mawe?"

Hilo la mvua ya mawe alilisema kwa jambo lolote lisilo na maana. Mwalimu akacheka, akautazama mkeka uliokuwa mikononi mwake. Ulikuwa mkeka wa harusi, maana dada yangu alikuwa ameposwa na watu wa Ndera, na ulikuwa na mistari ya zambarau iliyobanana kuliko mama alivyozoea kuiweka.

"Na huu, mama, mbona zambarau nyingi hivi?" akauliza.

Mama akashika ukingo wa mkeka, akaupima kwa macho. Nilidhani atasema ndivyo walivyoagiza. Akasema, "Sijui. Mkono umekwenda wenyewe." Kisha akaongeza, "Nitakupa vijiko vichache. Lakini twende Garsen ukaninunulie kikopo kingine. Walimu mna mshahara."

Tukaenda, mama, mwalimu na mimi, kwa mtumbwi wa mjomba. Garsen siku ya mnada ilikuwa na mbuzi wengi kuliko watu, na watu walikuwa wakipiga kelele kuliko mbuzi. Duka la rangi lilikuwa la Msomali mmoja mzee ambaye mama alinunua kwake kila mwaka na kugombana naye kila mwaka. Mwalimu alipomwambia anataka karatasi za kaki, zile za kufungia sukari, na kwamba ni za kitabu cha watoto, mzee akamwuliza ni kitabu gani hicho cha karatasi za sukari. Akaelezwa. Akafikiri huku akichezea tasbihi. Akaingia ndani, akatoka na furushi la karatasi zilizokunjika kona, akasema hizo hazifai tena kufungia kitu, tuzichukue. Tulipokuwa tunaondoka akamwita mama.

"Mwambie mwalimu," akasema, "furaha ni kijani. Usiku mmoja wa mvua, asubuhi nchi yote. Asije akaandika nyingine."

Mama akamjibu kwamba atamwambia, lakini watoto wa siku hizi hawaambiliki.

Brashi hatukuwa nazo. Tulikata vijiti vya mswaki, tukavitafuna ncha mpaka vikawa na nyuzi, na kwa kuwa rangi ile ilikuwa inanata, kila mtu alijifunza kwa uchungu kwamba mswaki wa kuchorea haurudishwi mdomoni. Kwa wiki nzima kulikuwa na watoto wenye meno ya kijani Kulesa. Nyeusi tulipata kwa masizi ya chungu, nyeupe kwa chokaa, na buluu mimi mwenyewe nililetewa na mama, kipande kilichobaki cha Krismasi, bila ya kuombwa.

Mwalimu alitupa sharti moja tu, kwamba usichore kitu ambacho hujakisikia mwenyewe moyoni. Mtoto wa Kiorma alipaka ukurasa wake mweusi wote, kisha chini akaacha utepe mwembamba wa kaki, na juu ya utepe akachora kijitu kimeinua mikono. Yule mkorofi alichora jivu, na ndani ya jivu alama nyekundu ndogo kama punje. Msichana wa ndoo alichora kamba ya nguo yenye kanzu moja nyeupe na watu wanaokuja, bila nyuso.

Mimi nilishindwa. Harusi ya dada ilikuwa imefanyika siku chache kabla. Nilikuwa nimecheza ngoma mpaka miguu ikavimba, nimekula nyama, nimevaa gauni jipya, na watu wa Ndera walipomchukua dada kwa mtumbwi, wakipanda mto huku wakiimba, niliimba nao mpaka walipopinda kona. Usiku nikalala kwenye mkeka tuliolalia wawili, nikakuta ni mpana. Sasa nilichora furaha kwa buluu yangu, ikawa si kweli. Nikapaka zambarau juu yake, nayo ikawa si kweli. Nikatia nyekundu, nikatia kijani, kwa hasira, mpaka ukurasa ukawa rangi moja nzito ya tope, nikaanza kulia kwa sababu niliona nimeharibu karatasi.

Mwalimu akachuchumaa kando yangu. "Hii ni nini?"

"Nimeharibu."

"Sikukuuliza hilo. Hii ni nini?"

Nikautazama. Ilikuwa rangi ya mto ukiwa umejaa. "Ni siku aliyoolewa dada," nikasema.

"Kuna furaha humo?"

"Iko. Nimeipaka kwanza. Iko chini."

Akaniambia niuache ukauke, nisiongeze kitu. Mama ndiye aliyeshona kitabu kwa uzi wa milala, na kwa kuwa hakujua kusoma, nilimfunulia ukurasa mmoja mmoja nikimweleza. Kwenye wangu sikueleza. Aliushika mwenyewe, akaugeuza kwenye mwanga, akasema, "Hapa kuna zambarau." Akaendelea kushona. Lakini usiku huo alitandika mkeka wake karibu na wangu, akasema ni kwa sababu ya mbu.

Miezi michache baadaye, maji yakiwa yamepungua nasi tumerudi kwenye chumba chetu, tukaambiwa mkaguzi wa shule anakuja. Mwalimu hakulala kwa wasiwasi, akatufundisha kusimama kwa pamoja na kusema "Jambo, Bwana" bila kuvuta. Mkaguzi alikuwa Mzungu mrefu wa soksi nyeupe za kufika magotini. Gari lake lilikuwa limekwama njiani kutokea Garsen, akaja kwa mtumbwi, na aliposhuka alitumbukia kwenye tope mpaka ndani ya soksi. Tukasimama kwa pamoja. Hakuna aliyecheka, jambo ambalo hata leo naliona kuwa ushahidi wa malezi mema.

Akatusikiliza kusoma, akaridhika. Akatupa hesabu, hakuridhika sana. Kisha akakiona kile kitabu, akakifungua kwenye ukurasa wa kwanza, ambao ulikuwa wa mtoto wa Kiorma, akamwinua.

"Rangi hii inaitwaje?"

"Furaha."

Mkaguzi akamtazama mwalimu. Mwalimu akaitazama sakafu.

"Hii ni nyeusi," mkaguzi akasema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Kwa nini unasema furaha?"

"Bwana, wewe una ng'ombe?"

"Sina."

"Basi ndiyo maana," akasema mwenzetu, akakaa.

Nje viboko wakakoroma. Mwalimu akaanza kueleza habari za wingu, maneno yake yakigongana, Kikipini kikimtoka chote, "mayi" kwa maji na "mato" kwa macho. Mkaguzi akainua mkono kumtuliza. Akafunua ukurasa wa pili, wa tatu, akiuliza kila mwenye wake, nasi tukajibu. Hakuandika kitu. Alipofika kwenye wangu nilisema tu, "Dada ameolewa," naye akatikisa kichwa kama aliyeelezwa mengi.

Hapo msichana wa ndoo, ambaye hakuwa na adabu ya kuogopa, akamwuliza, "Na moyo wako wewe yeo una rangi gani?"

Nikaona mwalimu amefumba macho. Mkaguzi akatazama soksi zake.

"Asubuhi ulikuwa mwekundu sana," akasema. "Gari lilipokwama." Sasa tukacheka, kwa sababu alikuwa ameanza yeye. Akaomba mswaki. Mmoja wetu akamtafunia ncha, kwa heshima, akampa. Alikaa kwenye dawati letu, magoti yakigusa kidevu, akapaka ukurasa mtupu wa mwisho kwa kijani, polepole, mpaka pembeni. Akasema kwao ni milima ya rangi hii, mvua hainyamazi, na mama yake yuko huko, mzee, na miaka mingi hajamwona. Alisema hayo kama mtu anayesoma bei ya mahindi. Kisha akarudisha mswaki, akashukuru, akaondoka kutazama choo cha shule, ambacho alikilaumu vikali.

Nilipopanda darasa na kuhamia chumba kipya kilichojengwa kando, kitabu kilibaki kwa watoto wapya. Mwaka uliofuata nilitumwa kuazima chaki kwao, nikakikuta juu ya meza, nikakifungua. Walikuwa wamechora juu ya kurasa zetu zote, hata ya mkaguzi. Damu ikanipanda. Nikaenda kwa mwalimu kushtaki.

"Karatasi zimeisha," akasema. "Na wao wana mioyo. Ulitaka niwaambie wakae na mioyo yenu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini kulikuwa na mtoto mdogo amesimama pale, kamasi inamtoka, akinitazama nilivyoshika ukurasa wake. Alikuwa amechora kitu cha rangi ya machungwa chenye miguu mitatu.

"Nini hii?" nikamwuliza, bado nina hasira.

"Kuku wangu. Walikuja wageni."

"Wakamchinja?"

Akaitikia kwa kichwa. "Na mimi nikala," akasema. "Alikuwa mtamu."

Nikamfuta kamasi kwa upindo wa gauni langu, nikaketi kando yake, nikamwambia anieleze kuku huyo alikuwa wa namna gani. Chaki nilizotumwa, wenzangu walizingoja mpaka kengele ikalia.